Mafua Yakimkuta Mwenye Ugonjwa wa Moyo: Mwongozo wa Kumtunza Nyumbani, Moshi na Arusha

Kati ya Juni na Agosti Moshi hupita wiki nzima Kibo hakionekani. Mawingu yanashuka, Machame na Marangu watu wanalala na mablanketi mawili, na Arusha hata bodaboda waliovaa makoti mazito wanatetemeka asubuhi. Msimu huo kila nyumba ina mtu anayepiga chafya. Msimu wa pili hauletwi na hali ya hewa, unaletwa na kalenda: katikati ya Desemba mabasi ya kutoka Dar es Salaam yanajaa watu wanaorudi nyumbani kula Krismasi, safari ya kutwa nzima madirisha yamefungwa, kisha wajukuu wanashuka Rombo na Kibosho na makamasi yao na kumrukia bibi mwenye presha.

Kwa walio wengi, mafua ni kero ya siku nne tano. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo, ni suala la moyo tangu siku ya kwanza, na anayemtunza anapaswa kulishughulikia hivyo. Mwongozo huu ni wa huyo anayemtunza: binti, mkwe, mjukuu aliyebaki nyumbani. Hauchukui nafasi ya daktari wa mgonjwa wako. Unakusaidia kujua la kufanya kabla hujamfikia, na wakati gani usisubiri kabisa.

Kwa nini mafua yanafika moyoni

Virusi vya influenza (mafua makali), RSV, Uviko-19 na vingine vya aina hiyo huingia kwa njia ya hewa, ila vurugu zake haziishii kwenye koo na mapafu. Mwili unapopambana navyo humwaga kwenye damu kemikali za kuleta uvimbe. Kwenye mishipa ya moyo ya mtu mzima, hasa mwenye kisukari, presha au mvuta sigara, mara nyingi yapo mafuta yaliyojikusanya ukutani kwa miaka bila dalili yoyote. Uvimbe ule unaweza kuyafanya yapasuke, damu ikaganda juu yake, na mshipa ukaziba. Hilo ndilo shambulio la moyo. Wakati huohuo homa inaongeza kazi: joto la mwili likipanda kwa nyuzi moja, mapigo huongezeka kwa takriban kumi kwa dakika. Mapafu yakijaa makohozi, oksijeni inapungua. Moyo unadaiwa kazi zaidi huku unapunguziwa posho.

Mwaka 2018 watafiti wa Ontario, Kanada, walichapisha uchunguzi wa matukio 364 ya watu kulazwa kwa shambulio la moyo karibu na wakati walipougua influenza iliyothibitishwa maabara. Katika siku saba za mwanzo baada ya kipimo, hatari ya shambulio ilikuwa takriban mara sita ikilinganishwa na nyakati nyingine za watu haohao. RSV na virusi vingine vya njia ya hewa navyo viliipandisha, ingawa si kwa kiasi hicho. Kwa hiyo wiki ya kwanza ndiyo ya kukaa macho. Kwa mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, ule tunaoambiwa "umepanuka", hatari huvuka wiki hiyo, kwa sababu maji hujikusanya polepole na mara nyingi huonekana wakati pua imeshakauka na kila mtu ameshatulia.

Hatua ya 1: Andika hali yake ya kawaida kabla hajaugua

Chukua daftari lolote la shule. Ukurasa wa kwanza andika ugonjwa wenyewe kama ulivyo kwenye kadi ya kliniki. Kusema "ana moyo" hakumsaidii mtu yeyote usiku wa dharura. Moyo kushindwa kufanya kazi, mishipa ya moyo kuziba, valvu (milango ya ndani ya moyo) kuharibika, mapigo yasiyo na mpangilio, presha ya kupanda ya miaka mingi, kila moja lina tahadhari yake. Mwandiko wa daktari usiposomeka, muulize muuguzi siku ya kliniki akuandikie kwa herufi kubwa. Ni haki yako, iwe ni KCMC, Mawenzi, Mount Meru au kituo cha afya cha kata yenu.

Chini yake orodhesha dawa zote, kipimo na saa. Halafu andika namba zake za siku njema: uzito wa asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya chai, presha na mapigo baada ya kukaa ametulia dakika tano, na oksijeni kama mna kile kipimo cha kubana kidoleni. Andika pia mambo ambayo mashine haiyaoni. Analalia mito mingapi? Akitembea, pumzi inakata akifika wapi: getini, kwenye mfereji, au anapanda mpaka barabarani bila kusimama? Jioni viatu vinambana?

Bila kumbukumbu hiyo, siku ya ugonjwa utakuwa unakisia. Mtu ambaye kawaida yake ni oksijeni 96 na leo anasoma 92 ana habari tofauti na ambaye kawaida yake ni 93.

Neno moja kuhusu kile kipimo cha kidoleni. Hina, rangi ya kucha na vidole vilivyopoa kwa baridi huvuruga namba, kwa hiyo pasha mkono kwanza. Pia inajulikana kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi mashine hizi wakati mwingine husoma juu kuliko ukweli. Ikikuambia 95 na mgonjwa anahema mbele yako, amini kuhema.

Hatua ya 2: Hakikisha ni mafua kweli

Pua kutiririka, koo kuwasha, chafya na mwili kuuma: hayo ni mafua. Influenza huja ghafla zaidi. Asubuhi mtu yuko shambani, jioni amejikunja kitandani kwa homa na kuumwa na viungo vyote. Lakini si kila kikohozi cha mgonjwa wa moyo ni mafua, na hapa ndipo wengi wanapopoteza siku nyingi.

Homa bila pua kutiririka, pima malaria kwanza, hasa kama anaishi uwanda wa chini kama Kahe na TPC au ametoka Tanga au Dar es Salaam karibuni. Kipimo cha haraka kipo zahanati. Usinunue dawa ya malaria kwa kukisia, maana baadhi yake, kwinini ikiwemo, zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Kikohozi kikavu, kinachowasha koo, kisicho na homa wala makohozi, kilichodumu wiki au miezi tangu abadilishiwe dawa ya presha, huenda kinatokana na dawa yenyewe. Enalapril, lisinopril na captopril zinajulikana kwa hilo. Usizikatishe mwenyewe. Mweleze daktari, zipo nyingine za kubadilisha.

Kikohozi kinachomjia akilala chali na kupungua akikaa, kinachomwamsha saa nane usiku akitafuta dirisha, hicho ni cha moyo mpaka daktari aseme vingine. Nimeona wazee wakinyweshwa chupa za dawa ya kifua mfululizo, wanabadilishiwa antibiotiki, wanaambiwa ni nimonia ya baridi, kumbe mapafu yanajaa maji kwa sababu moyo umezidiwa. Makohozi yenye povu la rangi ya waridi yakitoka, usifikirie dawa ya kifua tena. Tafuta gari.

Na kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinastahili kupimwa kifua kikuu. Huduma hiyo ni bure kwenye vituo vya serikali.

Hatua ya 3: Duka la dawa

Naiweka hatua hii ndefu kwa makusudi. Kwa maoni yangu hapa ndipo mgonjwa wa moyo anapoumizwa zaidi wakati wa mafua, na kila anayehusika ana nia njema. Unaingia, unasema "naomba dawa ya mafua," unapewa kifuko chenye vidonge vya rangi tatu bila majina. Kwa kijana mwenye moyo mzima huenda yasitokee madhara. Kwa baba yako yanaweza kutokea.

Basi usiombe dawa ya mafua. Sema hivi: "Dada, mgonjwa wangu ana ugonjwa wa moyo, dawa zake ni hizi hapa. Naomba parasetamoli tupu, isiyo na mchanganyiko." Mwoneshe daftari. Akikujibu, "Hiyo peke yake haitoshi, chukua na hii ya kukausha pua," mshukuru na ubaki na parasetamoli yako. Kataa kifuko kisicho na jina. Unataka pakiti yenye maandishi, hata kama ni vidonge kumi tu.

Dawa za maumivu za jamii ya diclofenac na ibuprofen ndizo za kwanza kuepuka. Diclofenac imezoeleka mno kwetu, kwa mgongo, kwa jino, kwa homa, wengine wanachomwa sindano yake. Dawa hizi hufanya mwili ushikilie chumvi na maji, hupandisha presha, huumiza figo zikichanganyika na dawa za moyo, na zimehusishwa na ongezeko la shambulio la moyo, hasa zikitumiwa mtu akiwa na maambukizi ya njia ya hewa. Ibuprofen pia inaweza kuizuia aspirini ndogo isifanye kazi yake ya kulinda mishipa.

Za kukausha pua ni hatari ya pili. Geuza pakiti usome. Ukiona pseudoephedrine, phenylephrine au ephedrine, rudisha. Dawa hizi hukausha pua kwa kubana mishipa ya damu, ila hazichagui mshipa. Presha inapanda na moyo unakwenda mbio. Ephedrine hujificha pia kwenye baadhi ya vidonge vya zamani vya pumu ambavyo watu hununua kwa ajili ya kifua. Pua iliyoziba isafishe kwa maji ya chumvi puani. Chumvi hiyo, kama ile ya kusukutua na kutema, haiingii kwenye hesabu ya chumvi ya chakula.

Parasetamoli ya kuyeyuka kwenye maji, ile inayotoa povu, ina sodiamu nyingi kwa kila kidonge. Mwenye moyo uliopanuka au presha atumie ya kumeza ya kawaida. Mtu mzima: kidonge kimoja hadi viwili vya miligramu 500, nafasi isipungue saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Bibi mwembamba mwenye kilo chini ya 50, mwenye ugonjwa wa ini, au anayekunywa mbege na konyagi kila siku, apewe pungufu kwa ushauri wa mtaalamu. Na kumbuka kwamba dawa nyingi za mchanganyiko zina parasetamoli ndani yake. Ukimpa na nyingine juu, umemzidishia bila kujua.

Prednisolone, inayouzwa kiholela "kwa kifua", hushikilia maji na kupandisha sukari. Salbutamol ya vidonge na aminophylline hukimbiza mapigo. Kama mgonjwa wako ana pumu kweli na daktari alishampangia hizo, ni jambo jingine, aendelee kama alivyoelekezwa.

Mwisho wa kaunta ni antibiotiki. Haziui virusi. Kwa mwenye moyo zina gharama ya ziada: azithromycin na erythromycin zinaweza kuvuruga mapigo, erythromycin na clarithromycin hugongana na baadhi ya dawa za kushusha lehemu kama simvastatin na atorvastatin, na clarithromycin huongeza kiwango cha dawa ya moyo digoxin mwilini. Septrin ikikutana na enalapril, losartan au spironolactone inaweza kupandisha potasiamu mpaka moyo ukasimama. Na karibu zote zinaweza kuvuruga warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Daktari akimpima na kumwandikia antibiotiki kwa sababu ameona nimonia ya bakteria, ampe na amalize dozi. Ninachokataa ni ile ya kujinunulia "ili isigeuke nimonia".

Hatua ya 4: Dawa zake za moyo haziondoki mezani

Mgonjwa akipoteza hamu ya kula, nyumba nyingi husimamisha dawa zote "mpaka apate nguvu". Usifanye hivyo. Dawa za presha, aspirini ndogo, za kushusha lehemu, za kutuliza mapigo kama bisoprolol, carvedilol na atenolol, zote zinaendelea. Za kutuliza mapigo ndizo mbaya zaidi kukatisha ghafla, kwani moyo unaweza kurudi kwa kasi.

Iko hali moja ya kupiga simu kabla ya kumpa. Kama anatapika, anaharisha, hanywi chochote, mkojo umepungua na akisimama anaona kizunguzungu, basi dawa ya kukojoa kama frusemide, zile za jamii ya enalapril na losartan, spironolactone, na metformin kwa mwenye kisukari zinaweza kuumiza figo mwili ukiwa umekauka. Zungumza na daktari au kliniki siku hiyohiyo. Huenda akazipunguza au kuzisimamisha kwa siku mbili tatu. Uamuzi huo ni wake, na aseme pia siku ya kuzirudisha, maana watu husimamisha na kusahau.

Anayetumia warfarin, tuseme aliyewekewa valvu ya chuma, apimwe damu mapema kuliko tarehe ya kawaida. Homa, kutokula na dawa mpya vyote huigeuza.

Hatua ya 5: Jikoni na chumbani

Uchagani mgonjwa hupikiwa mtori. Ni chakula kizuri: laini, kinashuka kooni, kina nguvu. Shida ni mkono wa mpishi kwenye chumvi, na mchemsho wa kiungo cha supu cha dukani, ambacho ni chumvi tupu yenye harufu ya kuku. Pika bila kiungo hicho, ongeza kitunguu, karoti na hoho, kamulia limau mezani. Kiburu kiliwe bila magadi kwa kipindi hiki. Magadi ni sodiamu ileile, hata kama wengi wetu hatuyahesabu kama chumvi. Na asubuhi akitamani supu ya makongoro, chemsha ya kwenu nyumbani. Ya hotelini huwezi kujua ina nini.

"Kunywa maji mengi" ni ushauri sahihi kwa mtu mwenye mafua asiye na tatizo la moyo. Aliyepangiwa kiwango cha maji kwa siku, tuseme lita moja na nusu, hesabu inabaki palepale, na uji, chai, supu na juisi vyote vinahesabiwa. Nunua chupa ya lita moja na nusu. Kila anapokunywa chochote, mwaga kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa. Ikiisha, siku imeisha. Homa ikiwa kali na anatoka jasho sana, muulize daktari kama aongezewe.

Tangawizi, limau na asali kwenye chai havina neno, ila asali ni sukari kwa mwenye kisukari. Anayetumia warfarin asianze ghafla kunywa kitunguu saumu na tangawizi kwa wingi kama dawa. Kujifukiza, nyungu ya mikaratusi iliyorudi kwa kishindo mwaka 2020, simshauri mgonjwa wa moyo. Kujifunika blanketi kwenye mvuke kunamtoa jasho, mishipa inalegea, presha inashuka, na akiinuka anaweza kuanguka juu ya sufuria ya moto.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani usiku hata baridi ya Julai iwe kali vipi. Hewa yake inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mwenye moyo dhaifu ndiye wa kwanza kuishiwa. Mvalishe soksi na kofia, mpe chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa. Mama mgonjwa asikae jikoni kwenye moshi wa kuni kusimamia mapishi, ingawa atataka.

Hatua ya 6: Pima mara mbili kwa siku, na ujue wakati wa kuondoka

Asubuhi na jioni andika joto, presha, mapigo, oksijeni. Uzito asubuhi tu. Akiongezeka zaidi ya kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo ni maji, hajanenepa. Bonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba. Shimo likibaki, linganisha na jana. Piga simu kliniki siku hiyo.

Haya hayasubiri asubuhi:

– Kifua kubana au kuwa kizito kwa zaidi ya dakika chache, maumivu yakienda kwenye bega, mkono, taya au mgongo. Kwa wanawake na wenye kisukari inaweza isiwe maumivu kabisa: kichefuchefu, jasho la baridi, uchovu wa ghafla, "kiungulia" ambacho hajawahi kukipata.
– Kuhema akiwa amekaa, kushindwa kumaliza sentensi, au kushindwa kulala chali wakati wiki iliyopita aliweza.
– Oksijeni chini ya 92 na inashuka, au midomo kuwa ya bluu au kijivu.
– Mapigo zaidi ya 120 ametulia na hana homa, au mapigo yanayorukaruka na kizunguzungu.
– Kuzimia, kuchanganyikiwa, kuongea maneno yasiyoeleweka.
– Mdomo kupinda, mkono kukosa nguvu. Hiyo ni dalili ya kiharusi, na mafua huongeza hatari ya hicho pia.

Kifua kikibana hivyo, akae nusu wima, asitembee hata kwenda barabarani. Kama hana mzio wa aspirini, hatoki damu na daktari hajamkataza, atafune aspirini ya miligramu 300 mkiwa njiani. Mkiwa na mashaka kama ni kiharusi, usimpe.

Usafiri uandae siku ya kwanza ya homa. Watu wa milimani wanajua barabara ya kihamba ikinyesha inavyokuwa. Ongea na jirani mwenye gari mapema, weka namba za madereva wawili wa teksi, na ujue ni hospitali gani iliyo karibu yenye kipimo cha umeme wa moyo na oksijeni, maana si kila zahanati inavyo. Mwenye maumivu ya kifua asipakiwe kwenye bodaboda kama njia nyingine ipo. Mkifika, neno la kwanza mapokezi lisiwe "mafua". Sema "ni mgonjwa wa moyo, anahema, daftari lake hili." Kwa influenza ipo dawa ya virusi, oseltamivir, inayofanya kazi zaidi ikianza ndani ya saa 48, kwa hiyo kuwahi kuna faida nyingine.

Hatua ya 7: Vijana msiwasahau

Ugonjwa wa moyo kwetu si wa wazee peke yao. Wapo watoto na vijana wengi wenye valvu zilizoharibika na homa ya baridi yabisi, inayoanzia kwenye maambukizi ya koo. Koo hilo huletwa na bakteria, siyo virusi, na kuvitofautisha kuna maana kubwa. Mtoto mwenye mafua, kikohozi na sauti kukwama huenda ana virusi. Mtoto mwenye koo kali la ghafla, homa, tezi za shingo zimevimba, na hana kikohozi wala makamasi, apelekwe akaonwe, huenda anahitaji penisilini. Aliyekwisha kupangiwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne asiikose kwa sababu "ana mafua wiki hii". Mwambieni mchomaji kwamba ana homa, yeye ataamua.

Kundi jingine ni wenye nguvu zao: wapagazi, waongoza watalii, na wanaofanya mazoezi ya Kilimanjaro Marathon. Virusi vya mafua wakati mwingine huingia kwenye msuli wa moyo wenyewe na kuuvimbisha. Mara nyingi hupona kimyakimya, ila msuli uliovimba ukikimbizwa unaweza kuvuruga mapigo mpaka kifo cha ghafla. Mwenye homa asikimbie, asipande. Najua mpagazi akikosa safari anakosa hela ya ada, na kampuni haimlipi aliyebaki Marangu getini. Bado, kubeba kilo 20 kuelekea kambi ya Barafu na homa kifuani, mahali ambapo hewa yenyewe ni nyepesi, ni kuhatarisha maisha. Baada ya mafua, kijana akihisi kifua kuuma, mapigo kwenda mbio bila sababu, au pumzi kukata kwenye kilima anachokimudu siku zote, apimwe moyo. Ikithibitika moyo ulivimba, madaktari humpumzisha na mazoezi makali kwa miezi mitatu hadi sita.

Hatua ya 8: Wiki mbili baada ya pua kukauka

Endelea na daftari. Uzito kila asubuhi, miguu kila jioni. Kazi za shamba azirudie kidogokidogo: kwanza kuzunguka nyumba, kisha kukata majani ya ng'ombe, mwisho kubeba. Kila hatua akae nayo siku mbili akiangalia pumzi. Uchovu wa kawaida baada ya influenza hupungua siku hadi siku. Unaoongezeka, au miguu inayoanza kuvimba wiki ya pili, mrudishe kliniki bila kungoja tarehe.

Hatua ya 9: Chanjo na Desemba

Chanjo ya influenza kwetu haimo kwenye chanjo za kawaida za kila mtu. Ulizia kliniki ya moyo, hospitali kubwa na kliniki binafsi za Moshi na Arusha, hasa zile zinazohudumia wasafiri. Shirika la Afya Duniani hutangaza muundo wake mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa nusu ya kusini, kwa hiyo muulize mtoa huduma ni ya msimu upi na inaisha lini. Kuhusu faida, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulifuatilia watu zaidi ya 2,500 katika nchi 8, wengi wao wametoka tu kupata shambulio la moyo. Kwa mwaka mmoja, vifo, shambulio jipya au mshipa kuziba tena vilitokea kwa asilimia 5.3 ya waliochanjwa, na asilimia 7.2 ya waliochomwa sindano isiyo na dawa. Kwa hela ya sindano moja, hiyo si faida ndogo. Ulizia pia chanjo ya Uviko-19, na ya bakteria wa nimonia kwa watu wazima. Mwenye mzio mkali wa chanjo ya nyuma au mwenye homa kali siku hiyo aseme kabla ya kuchomwa.

Desemba inahitaji mkutano wa familia kwa simu, wiki moja kabla ya basi. Mwenye homa aahirishe safari au afikie kwa mjomba kwanza. Mkutano wa ukoo ufanyike uani chini ya migomba, siyo sebuleni milango imefungwa, na kata ya mbege isizunguke kutoka mdomo hadi mdomo ikamfikia mgonjwa. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakishuka. Mwenye kikohozi avae barakoa akiingia chumbani kwa bibi, au atoe shikamoo akiwa barazani na bibi aitikie kutoka kwenye kiti chake. Atakayenung'unika kwamba mnamtenga mzee na wajukuu zake, mpeni yeye zamu ya kujaza daftari.